NIMR imetimiza miaka 45, na sisi tuliotolewa damu usiku tuna la kusema



Nilimwahidi mhariri makala kuhusu wahandisi wanaorudi nyumbani na kukuta hakuna kazi. Hiyo naomba isubiri toleo lijalo, manake kuna jambo limenikaa kooni na nisipolisema nitalala nalo mpaka mtihani wa mwisho.

Ilikuwa hivi. Jamaa mmoja niliyesoma naye sekondari kule Tanga, sasa hivi ni mtaalamu wa maabara, alinitumia slaidi zake nimkagulie Kiingereza. Alikuwa anakwenda kuziwasilisha kwenye kongamano la kisayansi. Nilizisoma nikiwa kwenye kivuko hapa Woolwich. (Kwa wasiokijua: kivuko hiki ni cha bure tangu mwaka 1889, watu na magari. Mimi mtoto wa Pangani niliyezoea kutafuta sarafu za kuvukia kwenda Bweni, hadi leo nikishuka nahisi nimemdhulumu mtu.) Slaidi zilikuwa safi. Vijiji, idadi ya watu waliotolewa damu, majibu, majedwali. Nikamrekebishia hapa na pale, kisha nikamuuliza: "Kaka, na ya Kiswahili iko wapi? Wale waliotoa damu watasoma ipi?" Akanijibu kwa kicheko cha maandishi, mnakijua kile, na kusema, "Wewe nawe, huko ulaya umeanza siasa."

Sasa basi, nifanye hiyo siasa.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo kila mtu anaiita NIMR, ilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Namba 23 ya mwaka 1979 na kuanza kazi 1980. Hesabu ni rahisi: imekwisha timiza miaka 45. Wenzetu Wakenya nao KEMRI yao ni ya mwaka huo huo 1979. Dada mmoja Mkenya, muuguzi, ninayekaa naye nyumba moja hapa, alidhani ni bahati tu. Hapana dada, si bahati. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika mwaka 1977, na kama ndoa yoyote inayovunjika, vyombo viligawanywa. Kabla ya hapo utafiti wa magonjwa ulikuwa wa pamoja: malaria ilikuwa Amani, kule juu kwenye milima ya Usambara, Mwanza ilikuwa na kituo chake, Tabora ilishughulika na malale, na virusi vilikuwa Entebbe. Baada ya talaka kila mmoja akabeba kilichokuwa nyumbani kwake. Uganda wakabaki na ile taasisi ya virusi, iliyoanza mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Ndiyo iliyopata virusi vya Zika mwaka 1947, kutoka kwa tumbili aliyewekwa kwenye kizimba katika msitu wa Zika, si mbali na Entebbe. Mnaona, jina lililotisha dunia nzima mwaka 2016 ni la msitu wa jirani zetu. Na chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwenye uwanda wa Makonde mwaka 1952 na 1953, ni neno la Kimakonde, linalosema habari ya mtu kujikunja kwa maumivu ya viungo. Maprofesa wa dunia nzima wanatamka Kimakonde kwenye makongamano yao. Mmakonde mwenyewe akitaka kusoma walichoandika, ajifunze Kiingereza kwanza.

Hizi habari za maadhimisho mimi nazipenda, sina ubaya nazo. Keki ikatwe, fulana zichapishwe, waliostaafu wapewe ngao zao. Lakini kwa mtu wa Pangani taasisi ya namna hii ina sura nyingine kabisa, na naomba niwaeleze.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na matende. Mguu wa kulia, kuanzia goti kushuka chini. Alivaa kanzu ndefu kuliko wenzake wote na kila mtu alijua kwa nini. Mabusha yalikuwa mengi mno pwani yetu kiasi kwamba watu walishayafanya mzaha, na mpaka leo utakutana na mzee wa Pwani anayekukataza kunywa madafu mengi eti utapata busha. Madafu hayana kosa, jamani. Ni minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Minyoo mikubwa hukaa kwenye njia za maji ya mwili, na watoto wake hutoka kwenye damu usiku, muda ule ule ambao mbu wake wanauma. Mchana wanajificha. Ukitaka kuwaona kwenye kioo cha darubini lazima umtoboe mtu kidole usiku, kuanzia kama saa nne hivi.

Sasa jiwekeni mahali pa bibi yangu. Saa nne usiku watu wageni na taa zao wanabisha hodi, wanataka damu ya watoto. Kwenye pwani ambayo kila mtu amekua na hadithi za mumiani! Bibi alikomea mlango, akaanza kusoma dua. Hao wapimaji walitoka wapi sikujua na hadi leo sijui. Niliyemwamini mimi ni mwalimu wetu wa sayansi, mwanamke wa Kibondei asiyecheka ovyo, aliyekuja asubuhi yake akachora mnyoo ubaoni na kutueleza kwa Kiswahili cha kawaida kwa nini ilikuwa lazima iwe usiku. Nikaenda kumweleza bibi. Usiku uliofuata bibi alinyoosha kidole chake mwenyewe.

Dawa zilianza kugawiwa mkoa wa Tanga mwaka 2004. Nakumbuka fimbo. Hawakutupima kwa mizani, walitusimamisha kwenye fimbo yenye alama, urefu wako ndio uliosema utameza vidonge vingapi vya ivermectin, pamoja na kimoja cha albendazole. Wengine walipata kizunguzungu na kuwashwa, minyoo ikifa ndivyo inavyokuwa. Mitaani ikaenea kwamba zile dawa zinaua uzazi. Mama alisita mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili tulimeza wote. Mguu wa babu haukurudi, dawa hairudishi mguu uliokwisha vimba, na tulimzika nao. Lakini katika rika langu, mtaani kwetu, simjui hata mmoja mwenye busha wala tende. Wilaya nyingi za nchi zimekwisha acha kugawa dawa hizo baada ya vipimo kuonyesha kwamba maambukizi yameshuka. Mimi huo ndio naouita uhuru, kwa kweli.

Mpango ule wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha uliongozwa tangu mwaka 2000 na mwanasayansi wa NIMR, Dk. Mwele Malecela. Alikuwa mwenzetu: alisomea hapa hapa London, pale London School of Hygiene and Tropical Medicine. Mwaka 2010 akawa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho.

Desemba 2016 Dk. Mwele aliwaeleza waandishi wa habari matokeo ya utafiti: katika watu 533 waliopimwa damu, asilimia 15.6 walionyesha dalili za kupatwa na virusi vya Zika. Ndani ya siku mbili Wizara ilikuwa imetangaza kwamba Tanzania hakuna Zika, na Rais Magufuli alikuwa ametengua uteuzi wake. Yeye akaenda Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2018 akakabidhiwa kuongoza idara yao ya magonjwa yaliyosahaulika kule Geneva, yaani kazi ya matende na mabusha ya dunia nzima. Alifariki Februari 2022.

Najua kuna watakaosema: huyu naye anafukua makaburi. Tulibishana jambo hili jikoni kwetu mpaka ugali ukapoa. Kaka mmoja anayesomea biashara ya utalii aliniambia, "Wewe ni mhandisi, hujui maneno yanavyoua soko. Sema Zika leo, kesho hoteli za Zanzibar ziko tupu. Mambo ya ndani husemwa ndani." Na siwezi kumbeza, kwa sababu ana nusu ya haki, na nusu hiyo ni kubwa. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waliitambua aina mpya ya kirusi cha corona, ile ya Omicron, wakaitangaza haraka kama inavyotakiwa. Zawadi yao ilikuwa nini? Uingereza hii hii iliwafungia ndege na kuwaweka kwenye orodha nyekundu mara moja. Aliyesema kweli alichapwa, na wote tuliona. Isitoshe, hata kisayansi lile la Zika lilikuwa na nafasi ya mjadala: kumkuta mtu na dalili kwamba virusi viliwahi kumpitia si sawa na kusema nchi ina mlipuko.

Ila nusu ya pili inamshinda kaka yangu. Kama majibu yana utata, dawa yake ni kipimo kingine, kwenye maabara nyingine, na majibu yawekwe mezani. Kumwondoa aliyesoma kipimo hakubadilishi kilichomo kwenye chupa. Na kunyamaza nako hakukutukinga. Tanzania iliacha kutoa takwimu za corona mwishoni mwa Aprili 2020. Mei tukaambiwa na Rais kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa kwa siri Maabara ya Taifa na zikarudi na corona, na mkuu wa maabara akasimamishwa. Tukajiona tumekwepa. Januari 2021 Uingereza ikawazuia wasafiri kutoka Tanzania vile vile, bila takwimu zetu. Rafiki yangu alikuwa amekwenda Moshi kumzika baba yake. Muhula mzima ulimpita huko. Nani aliyepona kwa kunyamaza?

Halafu Kagera. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa wilaya ya Bukoba. Serikali ikatangaza, wataalamu wakafuatilia kila aliyegusana na wagonjwa, na tarehe 2 Juni mwaka huo ukatangazwa kuisha: wagonjwa tisa, vifo sita. Hiyo ni kazi ya kujivunia na wala sioni aibu kuwasifu. Lakini Januari 2025 ukaja tena, Biharamulo safari hii. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani likasema kuna washukiwa. Sisi tukasema vipimo havikuonyesha kitu. Tarehe 20 Rais Samia, akiwa na mkuu wa shirika hilo pembeni yake, akathibitisha mgonjwa mmoja. Ulipotangazwa kuisha, tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa wagonjwa kumi waliothibitishwa na waliodhaniwa, na wote kumi walikufa. Sisemi siku zile sita ndizo zilizowaua, wengi wao walikwisha fariki tayari. Nasema kwamba mama wa Biharamulo anayemwosha mgonjwa wake nyumbani hana siku sita za kuazima.

Mimi nasomea uhandisi wa vipimo na udhibiti. Kwa lugha ya mtaani, nasomea geji. Kazi yangu yote hapa ni kuhakikisha kwamba kinachosomeka kwenye mshale ndicho kilichomo kwenye bomba. Na mtaa ninaokaa ni darasa kubwa la mambo hayo. Kwenye karakana za silaha za kifalme, Royal Arsenal, ambazo leo zimegeuzwa nyumba ghali tusizoziweza, kuanzia karne ya 17 mizinga ilijaribiwa kwa kushindiliwa baruti kupita kiasi. Wenye kupasuka walipasukia hapa Woolwich badala ya kupasukia melini. Ukitembea kidogo kuelekea magharibi kando ya mto unafika kwenye Thames Barrier, lile lango la chuma lenye upana wa mita 520 linalokinga London na mafuriko ya bahari. Lilianza kazi 1982, baada ya watu kukumbuka mafuriko ya 1953 yaliyoua watu 307 Uingereza. Kila mwezi linafungwa kwa majaribio hata kama maji yametulia. Siku geji inaposema maji yanakuja, lango linafungwa, na jioni watu wanakwenda baa bila habari. Sijasikia mtu wa geji akifukuzwa kwa sababu ametaja kina cha maji kisichopendeza.

Na msidhani Waingereza walizaliwa na adabu hiyo. Pale juu Shooters Hill kuna majengo marefu yaliyokuwa hospitali ya kijeshi ya Royal Herbert, iliyofunguliwa 1865. Siku hizi nazo ni nyumba za kupanga. Mchoraji wake alikuwa Douglas Galton, mhandisi wa jeshi, aliyefuata mawazo ya Florence Nightingale: wodi zilizotengana, madirisha pande zote mbili, hewa ipite. Nightingale alikuwa ametoka vita vya Crimea na takwimu mkononi zinazoonyesha kwamba askari wengi waliuawa na magonjwa kuliko risasi, yaani uchafu wa hospitali zao wenyewe ulichangia mno. Wakubwa wa jeshi hawakupenda kusikia hivyo. Ila namba zilichapishwa, zikabaki. Napita pale kila Jumapili nikienda kukimbia na huwa nawaza: ingekuwa kwetu, yule mama angepangiwa kazi nyingine.

Ninachokitaka kwa taasisi yetu ikiwa na umri wa mtu mzima ni kidogo. Mkurugenzi wake alindwe na sheria anapotangaza matokeo yaliyopita kwenye kamati ya maadili na kukaguliwa na wanasayansi wenzake, na aondolewe kwa makosa ya kazi tu, kwa utaratibu unaojulikana. Kama gavana wa benki kuu ana kinga ya kusema bei zimepanda, wa magonjwa anakosa kwa nini? Serikali itaje upande wake siku hiyo hiyo ikitaka, hakuna anayeizuia.

La pili ni letu sisi, wala tusimsingizie rais yeyote. Kongamano ni la Kiingereza, jarida la NIMR, Tanzania Journal of Health Research, ni la Kiingereza, na wengi wetu hapa tunaandika tasnifu kuhusu damu, mkojo, maji na mashamba ya watu ambao hawatausoma hata ukurasa wa kwanza. Watoto wa Korogwe walitoa mikono yao kwenye majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, pamoja na wenzao wa Bagamoyo na wa Kilifi, na mwaka 2021 chanjo hiyo ikapitishwa na Shirika la Afya Duniani kwa watoto wa Afrika. Je, mama wa Korogwe ameshaambiwa rasmi, kwa Kiswahili, kwamba mwanawe ni sehemu ya historia hiyo? Pengine wako walioambiwa. Ningependa waambiwe wote, kwa karatasi wanayoweza kuitundika ukutani. Siku moja ya kongamano ingefanyika wilayani, chini ya mwembe au kwenye ukumbi wa shule, wanasayansi wasimame mbele ya waliotobolewa vidole. Na maswali yatakuwa magumu kuliko ya maprofesa, nawahakikishia. Bibi yangu asingewaachia.

Na hapa nina neno na wanaosomea afya kati yetu. Najua mtasema Kiswahili hakina istilahi. Mwalimu wangu wa Pangani alieleza minyoo ya damu kwa dakika kumi na chaki moja.

Nimekwisha anza na slaidi za rafiki yangu. Nimezitafsiri zikatoka kurasa mbili, nikampelekea mama kwa simu ili anisomee kwa sauti, kwa sababu mama hana simile: palipokuwa pagumu alisimama na kuuliza. Alisimama mara kumi na moja. Nimezirekebisha, sasa anasimama mara mbili tu, na neno moja limenishinda kabisa, "sampuli wakilishi", ambalo mama anasema linafanana na jina la dawa ya mchwa. Rafiki yangu amekubali kuzichapa na kuzipeleka kwenye vile vijiji vyake kabla ya mvua za masika. Mwenye tasnifu yake na nia ya kufanya hivyo hivyo anione baada ya mkutano wa chama wa mwezi ujao, nitakuwa kwenye meza ya chai, na mama yuko tayari kusomewa.